Hisabati ya Saa Moja Asubuhi

Jumatatu, 7 Oktoba

Basi nimekuwa mwanachuo! Mwaka wa kwanza, Shahada ya Biashara. Mimi huyu, mwenye maziwa yaliyokauka begani.

Wapya wote tulikusanywa ukumbini. Viti vya kukunja – ukiinuka vinapiga kofi nyuma yako. Binti aliyekaa mbele yangu akageuka, akaniuliza kwa adabu zote: mama, umemsindikiza nani? Nikamwambia nimejisindikiza mwenyewe. Akafunika mdomo. Kisha akahamia kiti cha pembeni yangu na hakunyamaza mpaka tulipotoka. Kila likiulizwa swali, mkono wake uko juu kabla muulizaji hajameza mate. Nimempa jina, Kimbelembele.

Kila mtu amepewa mshauri wa masomo. Wetu ni mwanamke wa makamo, mdogo wa umbo na sauti. Wa mwaka wa pili wanamwita Mama Ngazi, eti tutajua wenyewe kwa nini. Ametuambia tupange masomo yetu, tumpelekee Alhamisi.

Nyumbani mwanangu Kibibi alinirukia kana kwamba nilikuwa ng'ambo. Mama mkwe hata macho hakuinua kwenye cherehani. Ni msimu wa sare za shule, vitambaa vya buluu vimefika juu ya kabati. "Umerudi? Mwanao alimeza kifungo. Nimekitoa." Alisema hivyo kama anavyosema mvua imenyesha.

Nikamfungua Kibibi mdomo, nikachungulia. Na kuachiwa mtoto leo ilikuwa mara moja tu, kwa ruhusa maalumu ya mama mkwe.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepanga, nimemaliza! Kibibi amelala, nami nikakaa chini na kalamu.

Nyumba yetu iko hivi. Baba Kibibi anaoka mikate zamu ya usiku. Anarudi asubuhi mweupe unga hadi kwenye kope, analala mpaka mchana. Akiamka ndiye mlezi, na ni mlezi mzuri, ingawa gauni huwa anamvalisha nyuma mbele. Kwa hiyo asubuhi mtoto ni wangu, mchana ni wake. Mama mkwe asubuhi na mchana ana cherehani.

Basi masomo yote nimeyaweka mchana. Uhasibu, Masoko, Mawasiliano, Kompyuta, Utangulizi wa Biashara. Hisabati ya Biashara ndiyo peke yake iko saa moja asubuhi. Nimeiruka. Nitaichukua mwakani, mtoto atakuwa amepata akili ya kutokula vifungo.

Ratiba imelala kama shuka iliyopigwa pasi. Nilipoomba kurudi kusoma niliahidi mbele ya mama na mwanawe: masomo yangu hayatamgusa mtu. Nami nimeshika neno langu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimejua kwa nini anaitwa Mama Ngazi.

Chumba chake kina dirisha moja na viti viwili, na kiti kimoja kinachechemea. Hicho ndicho cha wageni. Hakuitazama ratiba yangu kwanza. Alichora ngazi kwenye karatasi tupu, akaniuliza: juu kabisa, unataka kusimama wapi?

Nikaona aibu. Hili sijawahi kumwambia hata mume wangu. Nikamwambia nataka kuwa mtu wa fedha. Yule anayekaa na hesabu za kampuni akasema mradi huu uanze, huu usianze. Hakushangaa! Akaandika "Fedha" kwenye kipago cha juu, akaanza kushuka.

"Fedha haikupokei bila Takwimu. Takwimu haikupokei bila Hisabati. Hisabati yako iko wapi?"

Mwakani, nikasema.

"Inafundishwa muhula wa kwanza tu. Ukiiacha sasa, ngazi nzima inasogea mwaka. Miaka mitatu inakuwa minne."

Kiti kikachechemea chini yangu.

Akaichukua ratiba, akaisoma juu mpaka chini. "Umepanga kwa kufuata nini?" Nikamwambia ukweli: usingizi wa mtoto. Akavua miwani. Alisema ameshaona waliopanga kwa kufuata rafiki, ameona waliopanga kwa kumkwepa mwalimu mkali. Kwa usingizi wa mtoto, mimi ndiye wa kwanza! Tukacheka wote wawili. Kisha akauliza asubuhi kuna nani nyumbani.

"Kuna bibi yake. Anashona."

"Umemwomba?"

Nikatazama dirisha.

"Mwanangu, mimi kazi yangu masomo, nyumba yako siijui. Lakini kabla hujajiongezea mwaka, omba kwanza." Milango ya kubadili masomo inafungwa Ijumaa ijayo. Nianze Hisabati Jumatatu, nione kama nyumba itabeba. Isipobeba nirudi kwake, turudishe ratiba ya kwanza, na nisione haya. Wa miaka minne naye anavaa joho.

Ni kweli. Lakini miaka minne ya Baba Kibibi kuoka usiku na kulea mchana? Tayari analala na kijiko mkononi.

Jumapili, 13 Oktoba

Tangu Alhamisi nafungua mdomo naufunga kama samaki. Leo mama alikuwa anakata sketi, nikamshikia kitambaa upande wa pili. Nikasema yote kwa pumzi moja. Ngazi, Takwimu, mwaka wa nne, saa moja asubuhi.

Mkasi ukaendelea.

"Ulisema hayatamgusa mtu."

"Nilisema, mama."

"Kwani mimi si mtu?"

"Ni mtu. Ndiyo maana nilikuwa naogopa."

Mkasi ukasimama. Akaanza: yeye kauza nguo miaka yote hiyo, biashara hajaisomea popote, mwenye kukopa asilipe anamjua kwa kumtazama viatu tu. Na mtoto wa umri huu na sindano vinakaaje chumba kimoja? Nikamwambia sindano na vifungo nitavipandisha juu ya kabati kila asubuhi mimi mwenyewe. Na biskuti asipewe kila akilia, maana atajua kulia kunalipa.

"Sikia huyu! Ananiomba na masharti juu!"

Kutoka chumbani sauti ya Baba Kibibi: "Mama, mkubalie nilale!"

"Wewe lala, hujaulizwa!" Kisha kwangu, polepole: "Wiki moja. Nione."

Nimeinama nikakusanya vipande vya kitambaa ili asione uso wangu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimetoka giza likiwa halijaondoka vizuri. Kibibi alilia. Sikugeuka – ningegeuka nisingefika.

Kimbelembele alinishikia nafasi, safu ya mbele kabisa, Mungu wangu! Mwalimu anaandika haraka na kufuta haraka. Nusu ya kwanza sikuelewa kitu. Nusu ya pili alichora mstari wa gharama na mstari wa mapato, akasema inapokutana ndipo duka linaacha kula hasara. Hapo nikaamka! Mbona hili nalijua? Mama huwa analisema kwa mdomo kila msimu: sketi za mwanzo ni za kulipia kitambaa, zinazofuata ndizo zangu.

Nimerudi, sakafu ni salama, mtoto ni mzima. Mama kasema tu, amenisumbua. Hakusema nani.

Jumatano, 16 Oktoba

Mbaya leo.

Mama alishona huku Kibibi amemkalia pajani. Shati la mteja limetoka na mikono miwili ya kushoto! Mteja amelirudisha, amecheka mbele za watu. Mama hajawahi kurudishiwa nguo. Angenisema ningepumua. Alikata uzi tu, akashika nguo nyingine. Mama akifoka, mambo ni mazuri. Akinyamaza, jiandae.

Nimeufumua mkono mmoja mwenyewe, uzi kwa uzi, nikiwa nimekaa mlangoni. Nimemwambia Baba Kibibi kwamba Ijumaa narudisha ratiba ya kwanza. Miaka minne, si kitu. Akanitazama kwa yale macho yake ya usingizi. Ngoja Ijumaa ifike, akasema, usiifuate huko huko iliko.

Mazoezi ya Hisabati nimepata yote. Yote! Sikumwonyesha mtu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye benchi, korido ya washauri.

Asubuhi mama aliniuliza neno moja tu: huyo mshauri wako anakaa wapi? Nikamwelekeza. Nilidhani anataka kujua tu. Nikaenda darasani, nikatoka, nikaja hapa kungoja zamu yangu. Nimeshapanga maneno: asante, nimejaribu, nyumba haikubeba.

Mara namwona mama anakuja koridoni! Kibibi mgongoni, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Wanafunzi wanampisha kama mkuu wa chuo. Kimbelembele, ambaye naye anangoja, akasimama kumpa kiti. Akakikataa.

"Mama, kuna nini?"

"Wewe kaa."

Akabisha hodi, akaingia. Mlango haukufunga vizuri.

Amekuja kusema mtoto ni mdogo, nikajua. Amekuja kunitoa. Ni haki yake. Mashati ya watu ndiyo chakula chetu.

Namsikia. Amejitambulisha: mimi ndiye asubuhi. Hakusema bibi wa mtoto, hakusema mama mkwe. Mimi ndiye asubuhi! Mama Ngazi amemkaribisha, kile kiti kimelia.

Sasa mama anasema mikono ya shati imeharibika kwa sababu alikuwa hajajua mtoto anaamka saa ngapi na anachoka saa ngapi. Sasa ameshajua. Kukata atakata asubuhi, mtoto akiwa macho, maana kukata anasimama. Kushona atashona mtoto akilala. Kwa hiyo hiyo saa moja isiguswe.

Kimbelembele amenibana mkono mpaka unauma.

Mama anauliza muhula wa pili ukoje. Yeye hataki tena kuambiwa Jumapili jambo la Jumatatu.

Mama Ngazi: muhula wa pili ni Takwimu, na Takwimu iko jioni.

Kile kiti kimelia tena.

Jioni. Jioni ndipo Baba Kibibi anaingia zamu, na mama anapokea wateja. Hilo sikulifikiria! Hata kidogo.

Kibibi anapiga meza ya mshauri kwa kitu fulani.

"Jioni," anasema mama. "Haya. Hiyo niachie mimi na mwanangu, nitazungumza naye. Andika."

"Mama, siwezi kuandika kabla hajakubali mwenyewe mwanafunzi."

"Basi mwite. Si huyo hapo nje, anasikiliza mlangoni."

Kiti kimesogezwa. Kimbelembele ananisukuma, inuka, inuka. Na mama bado anauliza – mwaka wa pili sasa! – huo mwaka wa pili asubuhi ni za nani, na mimi hata mwezi wa kwanza sijaumaliza! Nafunga daftari, naingia kukubali.