Paji Langu na Ganda la Korosho

Kiranjeranje,
Kilwa.
17 Novemba, 1996

Mpendwa mdogo wangu Kazija,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako ilifika, marahaba sana. Hujambo na baridi ya Iringa? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima. Mama anaendelea, ila miguu bado imevimba, na kutoka nje ni mpaka ashikwe mkono.

Baada ya salamu, natangaza rasmi, kwa niaba ya ukoo mzima, kwamba paji la uso la kaka yako limefungwa kwa matengenezo. Limefunikwa kitambaa tangu Jumatatu. Usilie, wala usipande basi. Waliokuja kunipa pole wameshamaliza sukari.

Najua wifi yako Sauda amekuandikia kuwa nilirukiwa na mafuta nikichoma korosho. Ndivyo nilivyomwambia. Wewe nitakupa ya kweli, lakini kwanza nikueleze wivu wangu.

Unamkumbuka jirani yetu Nurdin, niliyesoma naye chuo cha Kurani. Kuhifadhi nilimpita mbali. Bakora za mwalimu alizila yeye. Leo ana alama ya sijda pajini, ile ya kusujudu sana, nyeusi, imekaa sawasawa kama muhuri wa posta. Msikitini watu humsogeza mbele. Hata huyu mnunuzi binafsi wa korosho anayetujia na lori siku hizi, asiyemwamini hata babake, humwachia Nurdin mizani akaenda kula. Magunia yangu huyakagua mpaka chini.

Hayo ningeyameza. Lililonichoma ni mama. Kila Alhamisi baada ya alasiri: "Niitieni Nurdin anisomee dua." Na mimi niliyetoka tumboni mwake nipo barazani, kofia kichwani! Nikamwambia, "Mama, hata mimi najua kusoma."

"Najua, baba. Niitie Nurdin."

Nikaenda kumwita kwa miguu yangu mwenyewe, roho inafuka moshi.

Nikajiambia, mama anaona ile alama. Basi Jumatatu nilijificha nyuma ya jiko, nikafanya kama utotoni tulipokuwa tukijichora majina mikononi: nikachukua ganda la korosho mbichi, nikalibana mafuta yakatoka, nikapaka kiduara pajini. Nilitaka weusi kidogo tu, wa heshima. Jasho likayateremsha hadi kwenye nyusi. Kufika adhuhuri uso umevimba, jicho moja limefumba, ngozi inabanduka kama ya kiazi kilichochemshwa. Sauda hakuuliza mbona jiko halina moto.

Jioni Nurdin alipita kumjulia hali mama, akanikuta. Mtu wa huku kidonda cha korosho anakijua, na kikiwa duara katikati ya paji anakijua zaidi. Nilingoja acheke. Ningekuwa mimi ningecheka, kisha habari ningeifikisha mpaka gengeni. Yeye aliomba mafuta ya nazi, akanipaka taratibu kwa kidole. Jirani mmoja akachungulia: "Kafanyaje tena huyo?"

"Ah, korosho hizi hazina adabu," Nurdin akasema, akausukuma mlango ukafunga. Mpaka leo hajamwambia mtu. Angesema ningejua, kijiji hiki hakinyamazi.

Mama ndiye hakudanganyika. Alinishika kidevu, akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Abdala, ulidhani namwita kwa ajili ya paji lake? Mwenzio akija hukaa. Huniuliza nimekula nini, huninyoosha mguu, ndipo anasoma. Wewe hunisomea umesimama mlangoni, kama mtu anayepiga hodi."

Huo ndio ukweli, mdogo wangu, sikuupunguza. Wivu haujaisha, umezidi. Alama nilidhani naweza kuipaka. Kunyamazia aibu ya mwenzangu, hilo sijui ningelipaka na nini.

Alhamisi iliyopita mama hakuniambia nimwite mtu. Nilivuta mkeka nikakaa, nikamuuliza kama amekula, nikaupakata mguu wake, nikaanza kusoma. Katikati nilikwama, kwa haya au kwa machozi sijui. Mama akanimalizia.

Nisalimie shemeji Nasoro, na uwabusu Kidawa na nduguze. Sauda anakusalimu, na mama anasema uvae sweta. Mola akusitiri huko uliko, na akujaalie jirani kama niliyejaaliwa mimi, japo nachukia kuandika hivyo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye daima,

Abdala