Sikuitikia

Jumatano usiku, Yamumbi

Sikuitikia. Naomba radhi kwa wote waliokuja kwangu leo kwa ibada ya nyumba kwa nyumba, lakini sikuitikia.

Mama Nekesa, kiongozi wetu, alisimama kando ya kiti cha marehemu mke wangu Ruth, akaita, "Mungu ni mwema!" Wenzangu wakajibu, "Kila wakati!" Mimi nikatazama sakafu, naye akaniona.

"Mzee, hatujakusikia," akasema akitabasamu. "Ama Mungu wako amebadilika?"

Wakacheka, bila ubaya.

"Uniwie radhi, Mama," nikamjibu. "Hajabadilika. Muda wote Ruth alipokuwa mgonjwa nilimwomba abadilike kidogo tu, akakataa."

Niliona aibu, maana hao walikuwa wageni wangu na walikuwa hawajanywa hata chai. Mama Nekesa akanimiminia kikombe. "Kunywa, Mzee. Kuitikia kutangoja." Hilo lilinituliza kidogo.

Lakini Jumapili ni zamu yangu kuita mwito huohuo mbele ya kanisa zima, na sijui kama sauti...

Ruth aliitikia hata kitandani hospitalini. Uaminifu wake niliuona kwa macho yangu. Wako, Bwana, ninaambiwa tu.

Unisamehe ukali huu. Zamani malalamiko yangu yote nilimpelekea Ruth. Sasa sina wa kumpelekea ila wewe uliyemchukua, na tazama, nimekuandikia ukurasa mzima.