Rufaa ya Bibi Nyamizi

Ipuli, Jumanne, Machi 1966

Siku thelathini za kukata rufaa zimekwisha, na leo Bibi Nyamizi kaja kwetu Mahakama ya Mwanzo, hukumu yake kaifunga kwenye pindo la khanga, kuuliza jibu la rufaa.

Rufaa gani? Mahakama ya Wilaya hawajamwona kabisa. Aliipeleka kwa mtemi, chifu wao wa zamani huko kijijini, maana enzi zile baraza lake ndilo lililokuwa la mwisho. Tangu serikali ifute utemi mzee yule hana tena mahakama, ila aliona haya kumwambia. Akampokea, akamwambia asubiri.

Basi shamba la marehemu mumewe limebaki kwa shemeji.

Nikamweleza kuwa hakimu wa wilaya anaweza kumwongezea muda, mradi aseme kilichomchelewesha. Akakataa.

"Mwanangu, nimwaibishe mtemi mbele ya serikali?"

Siku ya hukumu ni mimi, karani, niliyemwambia akate rufaa. Wapi, sikumwambia, nilikuwa nawahi chakula. Hiyo nayo ni sababu ya kuchelewa; ningeikiri kwa hakimu, mtemi asingetajwa.

Sikuisema. Nilimsindikiza hadi stesheni, apande treni ya kurudi kwao Igalula. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru.