Pleti Zikishalowa

Kioko mdogo wangu,

Mpwa wako Mutheu ametoka hapa sasa hivi, amevaa pleti kuukuu ya klachi mkononi kama bangili, anawaringia kuku. Nimecheka, halafu nikalia kidogo. Mama anakusalimia, goti bado linamsumbua. Mahindi yalikauka yote.

Uliniuliza kama ni kweli nitauza pikipiki ya marehemu shemeji yako. Watu wa kwao waliniuliza hivyo siku ile ile ya mazishi.

Mutheu akiwa mchanga, baba yake alinunua pleti nzito, ili apande mlima na mitungi ya maji ya kuuza bila klachi ya pikipiki kuteleza. Alizifunga hapa uani zikiwa kavu, kwa haraka. Hata mlima haujaisha, zikaanza kunuka kuungua. Alirudi akisukuma, jasho tupu.

"Mama Mutheu, lete sufuria ya ugali. Pleti mpya hulowekwa kwa oili kwanza, ndio uzibebeshe mzigo."

"Na ugali tupikie kwa helmeti yako?"

Alicheka mpaka akakaa chini.

Ndio maana sikuwajibu watu wa kwao. Siku hiyo ya mazishi nilikuwa mkavu kama pleti zile, Kioko.

Juzi klachi ilianza kuteleza tena. Nikaloweka pleti mpya jana, na leo nimezifunga mwenyewe. Nimepanda ule mlima na mitungi imejaa, na pleti zimeshika. Kwa hivyo siuzi. Ukija Krismasi nitakuchukua steji, uone vile—

ngoja, mama wa hoteli ananiita kutoka barabarani, anataka maji kabla ya—