Chuo cha Uuguzi Kisicho na Wakwe

Kwako Bi Bimkubwa, mshauri wetu wa kila Ijumaa,

Shikamoo, na baada ya salamu nakuomba unitoe kwenye shida moja, ingawa mimi ni mtu mwenye furaha hata nikiwa na shida, kwa kuwa nimeolewa mwezi wa Desemba hapa Mwabungo, wiki chache tu baada ya mtihani wa mwisho wa sekondari, na mume wangu Othman, ambaye ni karani wa serikali kule Matuga, ni mtu ambaye akiondoka asubuhi kwenda kazini hurudi kutoka njiani akisingizia amesahau kitu, mara kalamu, mara kofia, na juzi alirudi akasema amesahau sura yangu.

Shida yangu ni chuo. Tangu nikiwa shule nilitaka kuwa muuguzi, na tangu tupate Uhuru tunaambiwa kila siku kwamba nchi inahitaji wauguzi wake yenyewe, basi niliomba vyuo viwili na vyote vimenikubali, na Othman alipopata habari alinibeba akanizungusha uani mpaka mama mkwe akasema tunawatisha kuku. Chuo cha kwanza kiko Mombasa, miaka mitatu, wanafunzi hulala bwenini na kurudi kwao mwisho wa wiki, wake za watu wanapokelewa, na kazi ya wodini hufundishwa katika hospitali za Pwani, ya Msambweni ikiwemo. Sare yao ni ya kijivu, rangi isiyonipendeza, lakini hilo nimejikaza. Chuo cha pili ni cha wamisheni huko bara, mbele ya Machakos, kwenye baridi, sare yao ni ya buluu na kofia yao ina mstari mwekundu uliouteka moyo wangu, ila likizo ni mara moja kwa mwaka, na Othman aliposikia hivyo hakula, nami nilipomwona hali sikula, tukakaa tunatazamana mpaka wali ukapoa.

Moyo wangu ulikuwa umekwisha kuelekea chuo cha Mombasa. Lakini shangazi yake Othman, Bi Mejumaa, aliyesimamia harusi yetu, aliniita akaniuliza, "Mwanangu, hao wagonjwa wa Msambweni ni kina nani?"

Nikamwambia ni wagonjwa tu.

"Ni wakwe zako," akasema. "Kutoka hapa mpaka Msambweni, mwanamume mzima ukimwona amelala kitandani, jua ni mkwe wako, kama si kwa upande huu basi kwa upande ule. Utamfunua nguo mkwe?"

Katika nyumba hii, Bi Bimkubwa, mke wa mtu hamgusi baba mkwe wala ndugu zake, hata chai humwekea mezani akageuka upande wa pili. Nikajaribu kusema kwamba hospitali ni mahali mbali na nyumbani. Akanijibu, "Mkwe akiingia hospitali haachi ukwe mlangoni kama viatu." Na Othman, ambaye hupenda kila mtu aridhike, akasema shangazi ana neno.

Basi Mwenyezi Mungu akaleta mtihani mapema. Baba mkwe, Mzee Shehe, alikanyaga kigae cha chupa, na watu wote wa nyumbani wakasema muuguzi tunaye, apelekwe wapi tena? Bi Mejumaa akatundika leso yake ya kujitanda kwenye kamba katikati ya chumba, baba mkwe akaketi upande ule na mimi upande huu, nikapitisha mikono chini ya leso, na wifi yangu Biasha akasimama kwenye ukingo wa leso ili aniongoze, naye amefumba macho.

"Wa kushoto, wifi," akawa ananiambia. "Kushoto kwake, si kwako."

Nikausafisha mguu kwa maji ya chumvi, na baba mkwe hakushtuka hata kidogo, tukasema huyu ni mwanamume kweli. Nikaufunga bendeji kama tulivyofundishwa na watu wa Msalaba Mwekundu shuleni, ikakaa sawasawa, baba mkwe akasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akupe kheri," na nyumba nzima ikanisifu, na Othman akaninong'oneza kwamba laiti mguu ule ungekuwa wake. Kumbe niliufunga mguu mzima, usio na jeraha. Baba mkwe aliona haya kunisahihisha, Biasha aliona haya kutazama, na mimi nilikuwa nyuma ya leso. Siku zikapita, mguu wa pili ukavimba mpaka kiatu kikakataa kuingia, tukampeleka zahanati ya Ukunda, na dresa wa pale, mfunga vidonda, Bwana Nthiwa, mtu wa Ukambani, akafungua bendeji yangu, akautazama mguu kwa makini, akasema, "Huu umepona vizuri sana. Mgonjwa mwenyewe mtamleta lini?" Sasa mzee anaendelea vyema, alhamdulillahi, ingawa bado anachechemea.

Baada ya hapo mume wangu mpenzi ndiye aliyepata suluhu. Kule Diani, karibu na mahoteli, yuko memsahibu mmoja wa Kizungu anayeanzisha chuo chake mwenyewe cha uuguzi wa watoto wachanga. Mwanafunzi atakuwa mimi peke yangu, na ndiyo maana mafunzo yatakuwa ya hali ya juu. Nitafundishwa kuogesha, kulisha, kubembeleza, kufua nepi na kusukuma kigari, na tutawatumia wajukuu wake wawili. Vitabu havihitajiki. Cheti hakuna, ila memsahibu ameahidi kunisifu kwa mtu yeyote atakayemuuliza. Nitavaa aproni nyeupe yenye maua ukingoni, jioni nitarudi kwa Othman wangu, na uzuri uliozidi yote, asemavyo yeye, ni kwamba mtoto mchanga hajawa mkwe wa mtu. Bi Mejumaa ameridhika kabisa.

Lakini chuo cha Mombasa kinataka jibu kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo nafasi yangu anapewa msichana mwingine aliye tayari, na mimi moyo wangu uko hospitali, nao uko kwa Othman, na nikimtazama akitabasamu nasahau hospitali ilikuwa ya nini. Nichague kipi?

Wako katika furaha,
Mwanatumu, Mwabungo

MSHAURI ANAJIBU

Mwanatumu, marahaba, na hongera kwa harusi. Nimekusoma mpaka mwisho na ule wali uliopoa umenisikitisha. Sasa nisikilize.

Umenitajia vyuo vitatu, mimi naviona viwili. Hicho cha Diani ni kazi ya yaya. Kazi ya yaya ni ya halali, na wanawake wengi wa kwetu wameifanya kwa heshima, lakini wao wanajua ni kazi na wanadai mshahara wao. Wewe umepewa jina la mwanafunzi ili usidai kitu. Muulize huyo memsahibu, wajukuu wakirejeshwa kwao Ulaya, wewe utakuwa umehitimu nini.

Cha bara kiache. Chuo hakichaguliwi kwa mstari wa kofia. Na kama unakwenda huko kuwakwepa wakwe, kumbuka utakuwa unawauguza wakwe wa kina Kathini, wasichana wa huko bara, nao wana haya kama sisi.

Bi Mejumaa amekuuliza maswali mengi, lakini moja limempita. Leo hii, pale Msambweni, nani anawafunua nguo wakwe zako? Ni binti wa watu aliyetoka mbali, mke wa mtu, na kwao ana wakwe tele. Hakuna mgonjwa asiye mkwe wa mtu. Wewe ukiwakimbia wako na yeye akiwakimbia wake, mtapishana barabarani na wagonjwa watabaki wodini peke yao.

Kilichonikasirisha ni ule mguu. Umeusimulia kwa raha na mimi nimecheka, lakini mzee wa watu alikuwa karibu kukatwa mguu ndani ya nyumba iliyojaa watu wanaompenda. Kufunga bendeji unajua. Aliyekosekana chumbani mle ni mtu mmoja wa kufumbua macho. Na msiisingizie dini, kwa kuwa baba mkwe ni maharimu wako, mtu usiyeweza kuolewa naye kamwe. Kama hamniamini, kamuulizeni imamu wenu. Hayo ni mazoea ya nyumba, na mazoea mazuri mimi nayaheshimu, ila yana mipaka, na jeraha ni mmojawapo.

Mumeo simlaumu kwa kukupenda. Namlaumu kwa kutaka kumridhisha kila aliyezungumza mwisho. Yeye ni karani. Siku mama yako mzazi atakapofika Matuga kuulizia hati ya shamba, Othman atamhudumia mkwewe akiwa nyuma ya leso?

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi kijibu chuo cha Mombasa kwamba unakuja, na Othman akupelekee jibu posta mwenyewe. Mwambie memsahibu ahsante, hutaki. Ukifika chuoni, mweleze matroni mapema habari za kwenu. Mkiwa wawili zamu, mwenzako amwoshe mkwe wako na wewe umwoshe wake, ni jambo la kupangwa tu. Ukiwa peke yako, mwamkie shikamoo, mtazame vizuri, na umtibu. Kijivu utakizoea. Othman atakula siku za kazi akijua mwisho wa wiki unarudi, na kama hawezi, aingie jikoni ampikie mama yake, apate cha kumshughulisha.

Na siku Bi Mejumaa atakapokuona umeinama juu ya mwanamume, unamfunga jeraha, akakuuliza huyo ni nani, mjibu ni mgonjwa. Akikuuliza ni mkwe wa nani, mwambie asubiri apone, amuulize mwenyewe.