Baba Zuhura, Gari Limetoka Uani

Mume wangu, Baba Zuhura,

Barua zote nilizokuandikia ulipokuwa safarini nilianza kwa kukuuliza hali. Hii sijui niianzeje. Hali yako anaijua aliyekuchukua, na yangu hakuna anayeuliza. Watu wananitazama usoni halafu wanainama. Basi nianze na lile ambalo ungeliuliza kwanza wewe, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Gari limetoka uani. Limetoka leo asubuhi kwa nguvu zake lenyewe, na mie sikuliona likitoka.

Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, zile ulizokuwa ukizicheka kwamba mwandishi wake anakwenda rivasi. Usiniambie kuwa huzisomi. Huko uliko sharti yuko wa kukusomea.

Leo ni siku ya hamsini na tano ya eda yangu. Nimo chumba cha ndani na nguo zangu nyeupe, sina wanja wala udi, na somo yangu aliyenifunda, Bi Mwanaidi, kakaa mlangoni kama askari wa bomani. Akisikia kikohozi cha mwanamume uani, dirisha linafungwa. Kwa hiyo mengi nitakayokwambia nimeyapata kwa masikio.

Lakini kwanza nikiri. Sijakiri kwa mtu, na usiku silali kwa ajili ya neno hili.

Klachi ilipoanza kuteleza, ukikanyaga mafuta gari linanguruma bila kwenda, wewe ulitaka kulipeleka mjini kwa rafiki yako mwenye banda. Mie ndiye niliyekuzuia. Nilisema, "Lifungulie hapa hapa. Kila siku nazungumza na kuta. Angalau siku mbili nikuone." Ukacheka, ukasema, "Mama Zuhura, unataka mume au unataka kelele za nyundo?" Nikasema vyote viwili. Mungu anisamehe, nilisema vyote viwili.

Jumamosi ile ukaliinua kwa jeki, ukaliegemeza juu ya magogo ya mnazi, ukatandika gunia ukaingia chini. Mafuta ya giaboksi uliyakinga kwa sufuria yangu ya wali. Loo, nilivyokutukana! Nilisema, "Mwanamume huna haya, kesho tutakula pilau ya grisi." Na wewe kule chini, sauti imejaa kicheko: "Naiona miguu yako imekasirika. Chai iko wapi?"

Athumani mdogo wako alikuja saa nne kukusaidia kuipokea giaboksi. Fundi cherehani yule, spana anaishika kama mkasi, ila mdomo anao wa mafundi kumi. Mlipoiteremsha ulishika tumbo, chini upande wa kulia, ukasema kitu kimekuvuta. Jioni ukasema ni mshipa. Mie nikasema ni mshipa. Bi Mwanaidi akasema ni mshipa. Nani asiyejua kwamba mtu akibeba kizito mshipa hushuka? Nikakukanda kwa mafuta ya nazi ya moto siku mbili, na kila nikikanda unauma meno, unaniambia, "Endelea, inasaidia." Kumbe ulikuwa unanituliza moyo.

Jumatatu tumbo likawa gumu kama ubao, na mvua ikashuka tangu alfajiri. Athumani alikimbia hadi barabara kubwa kuomba gari, asipate hata moja. Na letu lile pale, mbele ya macho yetu, limekaa juu ya magogo, giaboksi yake iko mlangoni pa jiko chini ya gunia. Walipokubeba kukupitisha ubavuni mwake ulinyoosha mkono ukaligusa. Niliyosema mie hayaandikiki.

Tulikulaza kwenye mkokoteni juu ya godoro letu, nikakushikia mwavuli. Tulitoka Temeke wanaadhini adhuhuri. Pale Keko gurudumu likazama matopeni, watu wakalitoa, likazama tena. Tulipofika hospitali alasiri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa. Daktari akakupapasa mara moja tu, akasema si mshipa, kitu kimepasuka ndani. Akatugeukia akasema, "Mngemleta mapema." Ndiyo hayo tu. Na jua la Jumanne hukuliona.

Mngemleta mapema. Nalala nalo na kuamka nalo neno hili, Baba Zuhura.

Baada ya arubaini hakuna aliyeligusa gari. Kuku wakataga pembeni mwa giaboksi, na mie nikasema waache watage, lioze lote. Sikutaka kulisikia. Lakini Zuhura, kama ujuavyo, alikuja kwetu kujifungua mimba yake ya kwanza, mume wake yuko mbali kwenye mashamba ya mkonge. Siku moja Bi Mwanaidi akampapasa tumbo, akapapasa tena, mkono wake wa ukunga ukasita. Akaja kuninong'oneza, "Mtoto kalala ubavu. Nimemgeuza, karudi vile vile. Huyu hazaliwi chumbani humu. Siku ikifika, ni hospitali, tena mbio."

Niliuona ule mkokoteni, nikamwona mwanangu juu yake kwenye godoro lile lile. Nikamtuma Bi Mwanaidi kwa Athumani siku ile ile: gari liungwe, kwa haki ya ndugu yake, liungwe. Fundi wa mjini alipoambiwa akasema gari lipelekwe kwake. Litapelekwaje na viungo vyake viko jikoni? Basi Athumani akasema, "Niachieni mie, shemeji asiwe na wasiwasi." Alipotuambia tusiwe na wasiwasi ndipo mie nilipoanza kuwa nao.

Akaitoa sahani mpya ya klachi, ile uliyoificha chini ya kitanda imefungwa gazetini, akaifunga. Halafu yeye na majirani wawili wakaanza kuipandisha giaboksi. Jumanne haikuingia. Jumatano haikuingia. Nimekaa ndani nasikia chuma kinagonga chuma, wanaume wanahema, "Sukuma! Rudisha! Kushoto kidogo!" na Zuhura kajilaza kando yangu, mkono tumboni. Na mie nilijua kosa liko wapi. Nilikuwa nalijua, nimekaa nalo kama mtu aliyefungwa mdomo kwa kitambaa.

Si ulinieleza mwenyewe mwaka ule wa kwanza wa gari? Sahani ile sharti ikae katikati barabara, kitundu chake kikabiliane na kitundu cha nyuma yake, ndipo mhimili wa giaboksi upite. Ulisema, "Ni kama kupitisha uzi mmoja kwenye sindano mbili." Na ulipokosa kijiti cha kuikalisha katikati, uliingia jikoni kwangu ukachukua upawa! Ukauchonga mpini ncha yake, ukauviringishia kitambaa ukaenea sawasawa. Nilinuna wiki nzima. Ukanirudishia, ukasema upande huu mchuzi, upande huu gari, nyumba nzima inaishi kwa upawa mmoja. Na tangu hapo upawa ule ulining'inia jikoni, na kila klachi ikiguswa unatoka, ukimaliza unaoshwa kwa jivu.

Alhamisi nikashindwa kuvumilia. Nikampa Bi Mwanaidi upawa aupeleke na maneno yake yote. Nikamsikia anaeleza vizuri, neno kwa neno. Kisha nikasikia kicheko. Athumani akasema, "Mjane kaleta upawa. Mwambieni shemeji hapa tunaunga gari, hatupakui mchuzi." Na majirani wakacheka. Upawa ukarudi. Bi Mwanaidi hakuniangalia, akautundika mahali pake.

Sikulia ulipozikwa wewe kama nilivyolia Alhamisi ile. Ulipougua nilikuwa na mikono miwili na sikujua la kufanya. Sasa najua la kufanya na sina ruhusa ya kutoka mlangoni.

Ijumaa wanaume wote wakaenda msikitini. Uani kimya. Nikasimama, nikauchukua upawa. Bi Mwanaidi akaruka, "Unakwenda wapi? Mwenye eda haingii chini ya gari!" Nikamjibu, "Nionyeshe aya ya gari, somo yangu, nirudi kukaa." Akaenda kusimama kwenye mlango wa ua kulinda njia.

Nikaingia chini na nguo zangu za eda. Gunia lako lilikuwa pale pale. Nilizilegeza zile bolti sita zinazoishikilia sahani, nikasukuma mpini wa upawa ukapita vitundu vyote viwili, nikaanza kukaza. Nilikusikia masikioni: huku kidogo, kule kidogo, usikaze upande mmoja ukausahau wa pili. Spana ikaniangukia kifuani mara mbili. Lakini upawa ulipotoka ulitoka kilaini, bila kukwama. Ndipo nikajua imekaa.

Nilitaka kutoka haraka. Nikageuza kichwa kutafuta pa kupitia, na nikaona jiko langu. Baba Zuhura, kutoka pale jiko lote linaonekana. Si miguu tu. Mbuzi yangu ya kukunia nazi iko mbele kabisa, na mtu akiikalia, mle chini unamwona mzima, uso, mikono, mpaka anavyouma mdomo akikuna. Miaka yote ile ulikuwa unaniambia unaona miguu yangu tu. Mwongo mkubwa we! Mie nilikuomba ulifungulie nyumbani nipate kukuona, na wewe siku ile nzima ulikuwa umelala pale unanitazama.

Nililia mle chini mpaka Bi Mwanaidi akapiga makofi kunihimiza, watu wanarudi. Nguo yangu ilikuwa na grisi mgongo mzima. Akaifua mwenyewe, kwa sabuni na jivu, huku ananung'unika kwamba akiulizwa na masheikh atajibu nini.

Waliporudi, Athumani akasema bismillahi, wakasukuma, na giaboksi ikaingia mara moja, kwa mlio mmoja. Ua mzima ukapiga kelele. Nikamsikia mdogo wako, "Si niliwaambia? Chuma kinataka subira, chuma kinajua mkono!" Bi Mwanaidi akaniangalia, mie nikauma khanga. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukaketi. Nimemwachia sifa zake, zimfae.

Jana jioni wakamaliza. Na leo alfajiri uchungu ukamshika Zuhura.

Wakampakia, Bi Mwanaidi akapanda naye. Mie nikabaki dirishani, dirisha limefungwa. Nikasikia injini inawaka. Nikasikia Athumani anakanyaga klachi, nikangoja gia isage meno, nikashika nondo za dirisha. Haikusaga. Ikaingia ya kwanza, gari likatoka, likaingia ya pili pale kisimani, pale pale ulipokuwa ukiitia wewe, kisha likapotea. Nikabaki na nyumba. Sikuweza kumfuata mwanangu, wala kumshika mkono, wala kumwuliza mtu. Nilitia maji jikoni nikasahau kuwasha moto.

Adhuhuri Bi Mwanaidi akarudi. Kakaa kitako kwanza, kafuta jasho, mie roho inatoka. Akasema wamempasua, yu hai, na mtoto yu hai, ni msichana, ana sauti kali. Akasema daktari alimpapasa mara moja, akawaambia, "Mmewahi."

Nikasujudu pale pale sakafuni. Nilipoinuka sijui kwa nini nikamwuliza kama safari ilikuwa ndefu, kama pale Keko kuna matope. Yeye alikuwa na furaha, hakujua ananipa nini. Akasema, "Ndefu? Tambuu niliyotia kinywani hapa mlangoni nimeitema mlangoni pa hospitali, hata utamu haujaisha."

Tambuu moja, mume wangu. Sie tulikusukuma kutoka adhuhuri hadi alasiri.

Nilimwambia Bi Mwanaidi kwamba nalia kwa furaha, na kweli furaha imo. Lakini sijui la kufanya na ile tambuu. Kama ungelipeleka gari mjini kwa rafiki yako labda nalo lingekuwa limefunguliwa huko siku ile ile, na labda usingebeba, na labda kile kitu kingepasuka vile vile. Watu wananiambia siku yako ilikuwa imefika. Naamini. Naamini, halafu nalikumbuka neno langu, vyote viwili, na imani inakaa kando.

Sina uwezo wa kukurudisha wala wa kulirudisha lile neno. Lililo katika uwezo wangu ni dogo, nalo nakuahidi: gari hili halitapandishwa tena juu ya magogo kukiwa na mtu anayeugulia nyumbani humu, hata awe anaumwa jino. Athumani nitamwambia mwenyewe eda ikiisha, na akicheka nitamwonyesha upawa.

Na mbuzi yangu sitaihamisha. Nikitoka ndani humu nitaikalia pale pale, uso upande ule ule, nikune nazi za uzazi wa mwanao. Lala salama, Baba Zuhura. Ukitaka kunitazama, nipo.

Mkeo,
Mama Zuhura