Ng'onda na Kahawa ya Baba Mkwe

Mlimani, juu ya Mbale

Dada yangu Mwanaidi,

Pokea salamu, halafu pokea nyingine, maana najua ya kwanza utaipokea umenuna. Hujambo? Goti limepoa, au bado unapanda nalo ngazi kwa ubishi? Mama analala vizuri? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na Rehema anamsalimu sana mama yake mkubwa. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza, na habari hii lazima uisikie yote kabla hujanijibu.

Kwanza ahsante kwa kifurushi. Shemeji yako Hamisi alikileta na lori lake mpaka hapa, nami nilipokifungua nikakuta ng'onda wa papa, mkavu na chumvi yake, nilikaa chini nikacheka peke yangu. Tangu niolewe huku sijamtia papa mdomoni! Nusu nikapika, nusu nikamtundika stoo, mbali na paka. Dada, huyo papa wako nusura anivunjie nyumba.

Ngoja nikueleze. Baba mkwe wangu, unakumbuka, alikuwa mwanajeshi, na mpaka leo mlima mzima unamwita Afande. Mama mkwe alipofariki, mikahawa yake ikakosa mtu. Mzee akawa anakwanyua matunda yote pamoja, mabivu na mabichi, anawapa walanguzi wanaopita na pikipiki. Mwaka huu akasema amechoka, atang'oa miti yote apande mikaratusi. Nikamwomba aniachie msimu mmoja tu, kwa sababu kuna binti mmoja Jinja anayekaanga kahawa nzuri, na alishasema akiletewa iliyo safi ataichukua. Mzee akakubali, ila na amri yake: "Kama Jinja inakataa, mimi nang'oa. Hakuna maneno tena."

Sikuwa na kitu changu tangu nije huku, Dada. Hamisi yuko barabarani wiki nenda wiki rudi. Mikahawa ile nikaipenda kwa roho yangu yote. Nikachuma matunda mekundu tu, nikayamwaga kwenye ndoo ya maji, yanayoelea nikayatoa. Nikayamenya kwa mashine ya mkono ya jirani, punje nikazilaza mpaka ute ukalainika, nikaziosha mpaka zisiteleze mkononi. Halafu ndio kuzianika vichanjani, kugeuza na kugeuza, na wingu likitanda nakimbia na turubai kama mwendawazimu. Mzee alinisaidia, ila kwa namna yake. Kwa wazee wa huku, mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono, hawakai mkeka mmoja, hawali chombo kimoja. Ndiyo heshima yao. Kwa hiyo mimi nikiwa kichanja cha juu, yeye yuko cha chini. Nikishuka, yeye anapanda. Tunaongea kwa kupaza sauti, mimi na Kiswahili cha Tanga, yeye na cha jeshi, majirani wanadhani tunagombana.

Mzigo wa kwanza ulipokauka nikautia kwenye magunia mawili, nikayaweka stoo. Chini ya ng'onda. Lo! Mimi mtoto wa pwani, harufu ya papa kwangu ni harufu ya jikoni kwetu, sikusikia chochote. Wala sikujua kwamba kahawa hunywa kila harufu iliyo karibu nayo. Mzee siku moja akapita mlangoni, akasimama.

"Mama Rehema! Nani alikufa kwa stoo?"

"Hakuna aliyekufa, baba. Ni samaki, nimeletewa kutoka kwetu."

Akavuta gunia nje, akachota kahawa kiganjani, akanusa. Akainua uso akaitazama mikahawa yote mpaka kule bondeni. Nikajua basi, itang'olewa, kwisha habari yake. Nililia pale pale uani bila aibu.

"Wacha kulia," akasema, amegeukia upande mwingine kwa adabu. "Hii ya samaki tutakunywa sisi. Ile iko kwa kichanja bado mzuri. Hiyo ndio inaenda Jinja. Na samaki yako toa leo. Ama kula leo."

Tukaikaanga ya samaki kwenye sufuria. Utacheka: mzee amezaliwa katikati ya mikahawa na hakuwahi kuonja kahawa yake, hapa nyumbani ni chai tu. Akapiga funda moja, akakunja uso wote. "Jeshini nilikunywa mbaya kuliko hii," akasema, akajiongezea. Mungu ampe umri. Mwingine angenirudisha kwenu na kilio changu.

Basi tukaenda Jinja, mimi na yeye. Binti yuko nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi. Akakaanga kidogo mbele yetu. Punje zikawa manjano, zikawa kahawia, zikaanza kupasuka, akazitoa haraka zipoe. Akasaga, akatia bakulini, akamimina maji ya moto, akatugawia vijiko. Desturi yao, Dada, wote mnachota bakuli moja, mnavuta kwa kelele. Weee! Nikarudi nyuma mpaka ukutani na kijiko changu. Bora nisionje kuliko kumvunjia mzee heshima mbele ya watu.

"Mama, njoo uonje kazi yako," binti akaniita.

Sikusogea. Mzee akaangalia lile bakuli, akamwambia binti, "Leta bakuli ingine. Weka ya huyu mama kando yake. Lakini kahawa iwe ile ile moja. Na yeye aanze. Mimi najua bunduki. Kahawa ni ya yeye."

Nikaonja kwanza mimi, machozi yamenijaa. Ilikuwa na utamu wa maji ya muwa, na uchachu kidogo wa chungwa mwishoni. Binti akaonja, akarudia, akasema anaichukua yote, na ya msimu ujao pia, kama itakuwepo. Nikamtazama mzee. Akatoka kutafuta basi. Njia nzima, Bugembe, Iganga, mpaka Mbale, alitazama mashamba ya watu dirishani. Alikuwa amesema Jinja ikikataa atang'oa. Hakuwahi kusema ikikubali itakuwaje, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Kila mara unaniambia nirudi, huku sina mtu. Usiniambie tena. Nashukuru kwa papa, nashukuru kwa mzee, nashukuru hata kwa kahawa ya samaki, bado tunainywa.

Nisalimie Mama, umbusu mkono kwa niaba yangu. Msalimie shemeji seremala, mwambie kitanda cha Rehema bado imara. Na mjomba wetu mwadhini, na shangazi wa maandazi, asikasirike kwamba nimemtaja mwisho.

Nakomea hapa, naitwa. Pikapu imeshusha miche ya kahawa uani, sikuiagiza mimi, na Afande amesimama shambani na jembe, ananingoja nimwonyeshe pa kuchimba.

Mdogo wako,
Zuhura